Kindiki abaki au aachwe? Hesabu yenyewe ni ya 2032

Hii stori umeisikia. Umeisikia kwa mathree, umeisikia kwa kinyozi, na kama uko kwa grupu yoyote ya WhatsApp yenye mjomba mmoja mpenda siasa, umetumiwa mara tano. Ati 2027 Rais William Ruto atamwacha Profesa Kithure Kindiki kwenye mataa na kuchukua mgombea mwenza kutoka ODM. Kila msee ana jina lake. Huyu anakuambia ni Hassan Joho, yule anaapa ni Gladys Wanga, mwingine John Mbadi ama Wycliffe Oparanya. Wale wa Magharibi wanarudi kwa Musalia Mudavadi, ambaye jina lake halikosi kutajwa kila kiti kinapotajwa.

Yote ni "wanasema". Siwezi kukuambia atakayechukuliwa ni nani, na anayekuambia anajua anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Lakini naweza kukuonyesha kwa nini hii minong'ono haifi, na ni nani anaifurahia zaidi.

Anza na kiti chenyewe. Naibu Rais si kama waziri. Waziri anaweza kufutwa kazi leo kwa barua ya aya moja, kesho yuko nyumbani anatazama kipindi. Zamani hata makamu wa rais waliishi hivyo. Mwai Kibaki alikaa miaka kumi kama makamu wa Daniel arap Moi, kisha mwaka 1988 akajikuta Wizara ya Afya na kiti chake kikaenda kwa Josephat Karanja, ambaye naye hakumaliza hata mwaka na nusu. Akaja George Saitoti. Baada ya uchaguzi wa 1997, Moi akaacha kiti kikae bure kwa zaidi ya mwaka mmoja, halafu mwaka 1999 akamrudisha Saitoti kwa tangazo la kando ya barabara kule Limuru. Kando ya barabara, wasee! Hao watu waliishi kama wapangaji wa mwisho wa mwezi, hawajui kama mlango utagongwa.

Katiba ya 2010 ndiyo ilibadilisha mchezo. Sasa mgombea urais lazima amteue mgombea mwenza kabla ya kura, majina yao yanapigiwa kura pamoja, na baada ya hapo Rais hana uwezo wa kumfuta naibu wake. Ushahidi tuliuona kwa macho. Kuanzia 2018 Uhuru Kenyatta na naibu wake walikuwa hawaivi chungu kimoja, lakini Uhuru hakuweza kumgusa. Naibu mwenyewe alikuwa Ruto. Alikaa ofisini hadi siku ya mwisho akimpiga bosi wake vijembe, na kutoka hapo hapo akaenda Ikulu.

Kisha ikaja Oktoba 2024. Mnamo tarehe 8 wabunge 282 walipiga kura ya kumtimua Rigathi Gachagua. Tarehe 17 Seneti ikaunga mkono, ikimpata na hatia kwa mashtaka matano kati ya 11. Kesho yake jina la Kindiki likatua Bungeni na wabunge 236 wakasema ndiyo, hakuna hata mmoja aliyesema hapana. Korti zikavuta muda kidogo, kisha Novemba 1 akaapishwa pale KICC.

Kwa hiyo shika mambo mawili hapa. Kwanza, naibu anaweza kuondolewa, lakini lazima Rais awe na namba Bungeni na Seneti, na vurugu yake ni kubwa. Pili, kuna wakati mmoja tu ambapo Rais anabadilisha naibu bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote: siku anapopeleka jina kwa IEBC. Hata sababu hahitaji kutoa. Ndiyo maana kadiri Agosti 2027 inavyokaribia, ndivyo stori inavyopata miguu.

Sasa Kindiki. Huyu si mgeni kwa Ruto. Ni profesa wa sheria aliyekuwa seneta wa Tharaka Nithi kuanzia 2013 hadi 2022. Mwaka 2020, wakati Uhuru alikuwa anawafagia watu wa Ruto, Kindiki alipoteza kiti cha naibu spika wa Seneti kwa sababu alikataa kuhama upande. Kwa hivyo uaminifu ameshaulipia.

Lakini kumbuka venye mambo yalienda Mei 2022. Taarifa za wakati huo zilisema wabunge wengi wa Mlima Kenya waliokutana Karen walimtaka Kindiki. Mazungumzo yalivuta hadi usiku. Mei 15, Ruto akamtangaza Gachagua, mbunge wa Mathira wa muhula mmoja. Kindiki akasema anapumzika siasa, na baadaye akapewa Wizara ya Usalama wa Ndani.

Kwa nini aliachwa? Si kwa sababu hakuwa mwaminifu, wala hakukosa akili. Hesabu ilimshinda. Kaunti za Mlima Kenya Mashariki, yaani Meru, Embu na Tharaka Nithi, zilikuwa na wapiga kura waliosajiliwa takriban milioni 1.3 mwaka 2022. Kiambu peke yake ilikuwa na zaidi ya milioni 1.2. Tharaka Nithi, kwao Kindiki, haikufika hata 240,000. Ukiwa mgombea anayetafuta nusu ya kura zote na moja juu, unaangalia gunia kabla ya kumwangalia anayelibeba. Gachagua alikuja na gunia la Mlima Magharibi, ama angalau aliaminika kuja nalo.

Mtu ambaye aliachwa mara moja kwa sababu ya hesabu anaweza kuachwa tena kwa sababu hiyo hiyo. Hiyo ndiyo hofu inayozunguka jina la Kindiki. Watu hawasemi amefanya vibaya. Wanauliza analeta nini.

Na mwaka 2022 Ruto alishinda kwa kura 233,211 tu juu ya Raila Odinga, kura 7,176,141 kwa 6,942,930. Mlima ulikuwa upande wake kwa wingi mkubwa. Leo Gachagua ana chama chake, DCP, tangu Mei 2025, na kazi yake ya kila siku ni kuwaambia watu wa Mlima kwamba walisalitiwa. Wimbo wake ni "wantam", muhula mmoja basi. UDA nao wanajibu "tutam". Katikati ya hizo kelele Kindiki ametumwa kuushika Mlima ambao hakuuvunja yeye.

Novemba 2025 alipata mtihani mdogo, uchaguzi mdogo wa Mbeere Kaskazini kule Embu. Alipiga kambi huko kama vile ni yeye anagombea, na UDA ikashinda, lakini kwa pumzi ya mwisho. Wafuasi wake walisema ameonyesha anaweza. Wapinzani wakasema kama Naibu Rais mzima na serikali nzima nyuma yake wanashinda eneobunge moja kwa jasho hilo, na ni Mlima Mashariki kwao, itakuwaje Kiambu na Murang'a? Mimi naona pande zote mbili zina haki kidogo. Ushindi ni ushindi. Lakini haukuwa jibu kwa swali la gunia.

Upande ule mwingine wa mizani kuna ODM. Machi 7, 2025 Ruto na Raila walitia saini mkataba wa UDA na ODM, na kabla ya hapo wandani wa Raila walikuwa tayari ndani ya Baraza la Mawaziri tangu katikati ya 2024. Kisha Oktoba 15, 2025 Raila akafariki kule India. Hapo ndipo bei ya mgombea mwenza ilibadilika kabisa.

Raila akiwa hai, ODM haikuhitaji kiti cha naibu ili kujisikia kubwa. Raila alitosha. Aliweza kuingia serikalini bila cheo na bado watu wakamfuata. Baada yake, kakake Oburu Oginga ameachiwa chama kisicho na mtu kama huyo. Chama cha namna hiyo kinahitaji kitu cha kuwaonyesha wafuasi wake, na kitu kikubwa zaidi kilichobaki mezani ni hicho kiti. Siaya, Kisumu na Homa Bay zilimpa Raila zaidi ya asilimia 95 ya kura mwaka 2022. Huwezi kwenda kwa hao watu na mawaziri wanne uwaambie hii ndiyo faida ya kumpigia kura yule mliyekuwa mnampinga juzi. Na humo humo chamani wako kina Edwin Sifuna ambao wamesema wazi hawataki hiyo ndoa na Ruto. Wanaotaka ndoa wanahitaji mahari.

Lakini hapa ndipo naona watu wengi wanasoma hii stori kombo. Wanadhani kiti cha mgombea mwenza ni cha kumsaidia Ruto kushinda 2027. Kwa Ruto, ndiyo. Kwa wanaokitaka, 2027 ni mlango tu. Ruto akirudi, muhula wake wa mwisho unaisha 2032. Atakayekuwa naibu miaka hiyo mitano atakuwa na ofisi, ndege, walinzi, bajeti, na nafasi ya kuzunguka Kenya nzima akijitambulisha wakati wenzake wanatafuta mafuta ya gari. Ruto mwenyewe alifika Ikulu kwa njia hiyo. Tena Katiba inasema kiti cha Rais kikibaki wazi, naibu anamaliza muhula. Tanzania walilipata somo hilo Machi 2021, John Magufuli alipofariki na Samia Suluhu Hassan, mgombea mwenza wake wa 2015 na 2020, akawa Rais bila kupigiwa kura yake mwenyewe.

Kwa hiyo Mlima ukinyang'anywa kiti, hauogopi tu kukosa naibu. Unaogopa kuanza 2032 ukiwa nyuma. Na ODM ikikikosa, inajua itakuwa imembeba Ruto mgongoni hadi ng'ambo ya mto halafu ikaachwa majini. Ndiyo maana hakuna upande unaweza kusema "sawa, tutaongea baadaye".

Halafu kuna jambo ambalo sisikii likisemwa, na kwangu ndilo tamu zaidi. Kuondolewa kwa Gachagua kulishusha thamani ya hicho kiti. Kabla ya Oktoba 2024 ungeamini ukiwa naibu umekaa kwa jiwe. Sasa tumejua ni kiti cha plastiki; kinasimama mradi wabunge hawajakipiga teke. Basi ODM wakiahidiwa unaibu, swali lao la kwanza lingekuwa: mkituchoka 2029 je?

Jibu linategemea nani ana wabunge. Gachagua alianguka kwa sababu siku ya kura hakuwa na chama chake Bungeni. Wabunge wa UDA waliomsifu jana ndio walimpigia kura kesho yake. Naibu kutoka ODM angekuja na chama, wabunge na maseneta wake. Kumng'oa kungekuwa kazi ngumu. Kindiki hana chama na hana kundi la wabunge wanaomwita baba. Nguvu yake yote ameazimwa na bosi. Ukimwangalia kwa jicho la kura, huo ni udhaifu. Ukimwangalia kwa jicho la Rais ambaye ameshapigana na naibu mmoja, na ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuwa naibu asiyeondoleka, hiyo ni sifa. Mtu asiyekutisha ni mtu wa kulala naye nyumba moja bila kufunga mlango wa chumba.

Kwa hivyo Ruto ana chaguo lisilo rahisi: amchukue mtu anayeleta kura lakini ataleta pia ukaidi, ama abaki na mtu mtulivu ambaye huenda asilete kura za kutosha. Mimi, kama ningelazimishwa kuweka mia mbili yangu, ningeweka kwa Kindiki kubaki, lakini kwa masharti: kama Mlima utaonyesha dalili ya kurudi hata nusu. Kama hautaonyesha, profesa apange vitabu vyake. (Mimi mwenyewe siwezi hata kutajwa kwenye hiyo orodha. Sheria ya uchaguzi inataka mgombea mwenza awe na digrii, na yangu niliiacha mwaka wa pili.)

Majirani wametupa mifano miwili ya hivi majuzi. Januari 2025 CCM ilipokutana Dodoma, Rais Samia alipata mgombea mwenza mpya, Emmanuel Nchimbi. Makamu aliyekuwepo, Philip Mpango, ilielezwa kwamba aliomba kupumzika. Hakuna aliyepiga kelele. Lakini huko chama kimoja ndicho kinashika kila kitu, na uchaguzi wenyewe wa Oktoba ulikuwa wa majonzi, kwa hivyo usiuchukue kama kipimo cha kura.

Malawi inatufaa zaidi. Makamu wa Rais Saulos Chilima alifariki kwenye ajali ya ndege Juni 2024, Rais Lazarus Chakwera akamteua Michael Usi. Uchaguzi wa Septemba 2025 ulipofika, Chakwera akamwacha Usi na kumchukua Vitumbiko Mumba. Usi akaenda kugombea urais kivyake. Chakwera akashindwa na Peter Mutharika, asilimia 33 kwa 56. Sisemi alishindwa kwa sababu ya mgombea mwenza. Malawi walikuwa wamechoka na bei ya vitu na ukosefu wa mafuta. Lakini naibu mpya hakumwokoa. Mtu akikasirikia unga, humtulizi kwa kubadilisha jina la pili kwenye karatasi ya kura.

Nani basi anafaidika na hii minong'ono? Angalia vile watu wanavyofanya kazi. Kindiki hatulii. Kila wiki yuko kwenye mikutano ya uwezeshaji, vikundi vya akina mama hapa, bodaboda pale, pesa zinatolewa, na upinzani umeuliza mara nyingi zinatoka wapi. Viongozi wa ODM wanaotajwa nao wanashindana kumsifu Rais kuliko hata watu wa UDA. Yaani wote wako kwenye mahojiano ya kazi, na mwenye kazi hajasema hata kama nafasi iko wazi. Kama wewe ungekuwa Rais, ungeharakisha kutangaza? Siku atakayotangaza, upande mmoja utaacha kukimbia. Ndiyo maana naamini tutaachwa tukiguess hadi dakika ya mwisho, kama 2022.

Sasa nataka nikuonyeshe kitu ambacho hakimo kabisa kwenye stori. Juni 25, 2024, wakati tulikuwa barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha, Waziri wa Usalama wa Ndani alikuwa Kithure Kindiki. Tume ya kitaifa ya haki za binadamu ilihesabu watu wasiopungua 60 waliouawa kwenye maandamano ya miezi hiyo. Kikatiba polisi wanaamriwa na Inspekta Jenerali, sawa, hiyo nimekubali. Lakini wizara ilikuwa yake, na miezi minne baadaye alipandishwa akawa wa pili nchini. ODM nao waliingia serikalini mwezi uliofuata, Julai, wakati damu haijakauka na Rais alikuwa anatafuta wa kumshika mkono.

Kwa hivyo anayetajwa kuachwa na wanaotajwa kumrithi, wote walipanda ngazi kupitia ile Juni. Na katika huu mjadala wote, wa nani analeta Kiambu na nani analeta Homa Bay, sijasikia hata mchambuzi mmoja akiuliza mgombea mwenza yupi ataweza kusimama mbele ya mama aliyezika mtoto. Hilo halihesabiwi kama gunia.

Halihesabiwi kwa sababu inayoeleweka. Mwaka 2022 sisi wa miaka 18 hadi 34 tulikuwa asilimia 39.84 tu ya wapiga kura milioni 22.1 waliosajiliwa, chini kuliko 2017. Wanasiasa wanaujua huo mwenendo kuliko sisi. Wakikaa kupanga tiketi wanapanga kwa maeneo, kwa sababu maeneo ndiyo yaliyojitokeza. IEBC ilifungua tena usajili wa kuendelea Septemba 2025 ikilenga wapiga kura wapya milioni 6.3, na wengi wao ni watoto wa 2022 ambao sasa ni watu wazima. Linganisha hiyo na tofauti ya kura 233,211 uone. Hata theluthi yao wakijiandikisha, hesabu zote nilizokupigia hapo juu, za Mlima Mashariki, Magharibi na Nyanza, zinaanza kuyumba, na hapo hata huyo mgombea mwenza atatafutwa kwa vigezo vingine.

Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Tume ikifuata ratiba ya safari iliyopita, majina ya wagombea wenza yatatakiwa kufika katikati ya Mei. Mei 15, 2022 ilikuwa Jumapili, na tulikesha na simu mkononi tukingoja Karen waamue. Mei 15, 2027 itakuwa Jumamosi. Chaji simu mapema.